Kidole changu kilituma pesa Ijumaa tatu mfululizo, na mimi nilikuwa nimelala

Wakuu, salaam kwenu wote.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika kwa sababu kuna jambo lilinikuta mwaka huu kuhusu hizi simu za kufungua kwa kidole, na bado linanijia kichwani. Sijaongeza chumvi. Majina tu nimebadilisha, na mwenyewe mhusika nimemuomba ruhusa. Kasema, "Andika, hao watu wa kwenye simu wananijua wapi?"

Nina miaka arobaini na kitu. Elimu yangu ni kidato cha nne. Maisha yangu ni ya kuhamahama: nimechuma karafuu Pemba, nimekata mkonge, nimekaa Mombasa miaka miwili, nimenunua machungwa Maramba miezi nane nikiyapeleka Tanga mjini. Kila mahali nilipokaa nimepakumbuka baada ya kuondoka, na nilipokuwa hapo nilikuwa nawaza kwingine. Ndivyo nilivyo.

Nyumba ya marehemu baba yangu iliuzwa zamani. Kwa hiyo nikichoka kuzunguka, pa kurudi ni mahali pamoja tu: kwa shangazi yangu, dada wa baba, kijiji kimoja huku pwani ya Moa. Nina chumba changu cha uani. Nikiondoka hakikodishwi wala hakiwekwi kuku. Shangazi hufagia tu na kufunga mlango.

Mimi nina jina la babu, yaani baba yake yeye, basi ananiita "baba". Mtu mzima nimeshaota mvi naitwa "baba" na mwanamke wa miaka sabini, na naitika.

Sasa tuje kwenye simu.

Shangazi ana mtoto wa kiume, Bakari, fundi wa mafriji Tanga mjini. Bakari alimnunulia mama yake simu janja, na akaanza kumtumia pesa kidogo kidogo za kuezeka nyumba bati, maana makuti yalikuwa yamechoka. Pesa zikae kwenye simu ya mama, zikifika za kutosha, bati linanunuliwa.

Tatizo likawa PIN. Shangazi alisahau, app ikafungwa. Tukaenda kwa wakala, ikafunguliwa. Akasahau tena. Mara ya tatu wakala akatuangalia kama watu wanaomchezea.

Nikasema tuweke alama ya kidole. Sehemu hiyo ipo kwenye app: unafungua kwa kidole na unathibitisha malipo kwa kidole, PIN unasahau kabisa.

Simu ikakataa kidole cha shangazi.

Kidole gumba, ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Tukaosha mikono kwa sabuni, tukakausha, tukarudia vidole vyote kumi. "Alama haionekani, jaribu tena."

Wakuu, shangazi yangu anasokota kamba za usumba tangu akiwa binti. Kwa wasiojua: makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye tope la pwani miezi kadhaa mpaka yalainike, yanachimbuliwa, yanapigwa kwa kigongo mpaka zibaki nyuzi, halafu nyuzi zinasokotwa kwa viganja na vidole. Miaka hamsini ya kazi hiyo. Nikamshika mkono nikaugeuza kwenye mwanga. Ncha za vidole vyake ni laini kama kokoto ya pwani. Hakuna mstari hata mmoja.

Tukajaribu sura. Simu inataka utulie uiangalie. Shangazi kila akijiona kwenye kioo cha simu anacheka na kujifunika mdomo na khanga. "Huyu bibi kizee ananitazamia nini?" Simu ikakata tamaa.

Basi nikafanya kosa ambalo najua nusu yenu mmeshalifanya. Nikaweka kidole changu. Gumba la kulia.

"Ukitaka kulipa, niite," nikamwambia.

"Na ukisafiri?"

"Nikitaka kusafiri tutatafuta njia."

Hiyo njia sikuitafuta. Ilikuwa rahisi mno, wakuu. Yeye anapika, mimi nabonyeza. Akitaka kulipa sukari dukani, ananiita, naweka gumba, kwisha. Nilijiona mtu wa maana.

Niwape picha kidogo. Zamani pesa ya shangazi ilikaa kwenye pindo la khanga, fundo kiunoni. Nikiwa mtoto niliwahi kujaribu kulifungua amelala. Hata sikugusa fundo vizuri, akanishika mkono huku amefumba macho. Ule ndio ulikuwa ulinzi. Hilo fundo nilikuja kulikumbuka sana baadaye.

Jumamosi moja Bakari akaja na pikipiki yake. Ameshapata duka la bati, ameshaelewana bei, anataka mama alipe palepale kwa simu. Akanipa simu nifungue. Nikaweka gumba. Ikafunguka.

Pesa haikutosha. Ilikuwa imepungua kwa kiasi cha kumfanya mtu ainuke alipokaa.

Bakari akaingia kwenye kumbukumbu za app. Miamala mitatu. Ijumaa tatu mfululizo. Yote kati ya saa nane na saa tisa mchana. Yote kwenda namba moja, jina Zuhura Mbwana. Na chini ya kila muamala maneno yaleyale: umethibitishwa kwa alama ya kidole.

Akaenda kwenye mipangilio. Vidole vilivyosajiliwa: kimoja.

"Mama, kidole hiki cha nani?"

Shangazi akasema, "Cha Rashidi," yaani mimi. Akainuka akaenda jikoni, hakurudi.

Nikaapa. Nikasema simjui Zuhura yeyote. Bakari akapiga ile namba palepale, akaweka sauti kubwa. Mwanamke akapokea.

"Uko wapi dada?"

"Niko Maramba. Wewe nani?"

"Unamjua Rashidi?"

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, imezimwa.

Wakuu, mimi nimekaa Maramba miezi nane. Nimewaambia hapo juu. Bakari analijua hilo. Alinitazama, akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyemaliza hesabu.

"Kumbe machungwa yale yalikuwa na jina."

"Bakari, wallahi..."

"Usiape, kaka. Hapa hamna jini. Simu ina kidole kimoja na kidole unacho wewe. Jumamosi ijayo naja na mjomba Salehe. Uwe na pesa, au uwe umefunga mzigo. Na ukitoka safari hii, usirudi. Chumba nitaweka mbuzi."

Nikanyoosha mkono niifute ile alama mbele yake. Akanipiga kofi mkononi.

"Kisifutwe! Huo ni ushahidi mpaka Jumamosi. Na simu akae nayo mama."

Akawasha pikipiki akaondoka.

Ile wiki sitaki irudi. Sikula vizuri. Shangazi alinipakulia na kuondoka, hatukutazamana usoni. Nilidhani amenikatia tamaa, na hilo liliniuma kuliko Bakari. Watu wa sokoni wakaanza kunyamaza nikipita. Muuza vitumbua alinipa chenji akiiweka mezani badala ya mkononi.

Nikaja humu nikasoma nyuzi zenu. Mmoja anasema kidole kinaweza kunakiliwa kwa gundi. Mwingine anasema kuna virusi vya simu. Nikawa naliangalia gumba langu kama si langu. Siku moja nilijiuliza kwa dhati: au mimi natembea usingizini? Au kweli nina mwanamke Maramba nimemsahau? Nacheka sasa, siku ile sikucheka.

Jumatano nikaenda kwa wakala, yuleyule aliyekuwa akitufungulia PIN. Nikamweleza.

Akaniuliza, "Kaka, Ijumaa saa nane unakuwa wapi?"

"Nimelala. Nikitoka msikitini shangazi anapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikishiba najitupa kwenye mkeka barazani."

"Unalala sana?"

"Ijumaa? Hata ukinihamisha sijui."

Akafuta kaunta yake pole pole. "Simu haijui kama mwenye kidole yuko macho. Inajua kidole tu."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza nani anapita barazani Ijumaa. Jirani anayekuja kuchaji simu? Muuza samaki? Mtu gani ana moyo wa kumshika mkono mtu aliyelala, mchana kweupe, nje?

Nikaamua Ijumaa nitalala bila kulala.

Ijumaa ikafika. Nikaswali, nikala kidogo nikajifanya nimekula sana, nikajinyoosha kwenye mkeka, mkono wa kulia nimeuachia pembeni. Nikafumba macho. Nikakoroma kidogo, nisizidishe.

Uani shangazi alikuwa anapiga makumbi. Kigongo kinalia ko, ko, ko. Mlio huo nimelelewa nao. Popote nilipoishi, nikisikia mtu anatwanga au anagonga kitu kwa mpangilio, nakumbuka kwetu.

Jirani hakuja. Muuza samaki alipita, akaita, akaenda zake.

Kigongo kikanyamaza.

Nikasikia miguu peku. Nikasikia ile harufu ya makumbi yaliyotoka topeni, ambayo haitoki mwilini hata kwa sabuni. Nikakoroma tena kidogo.

Mtu akachuchumaa. Akanishika mkono. Akalifuta gumba langu kwa ncha ya khanga iliyoloweshwa maji, taratibu, kama unavyomfuta mtoto, maana anajua mafuta ya samaki yakibaki simu inakataa. Aliyajua hayo kwa kuniangalia mimi. Akasema kwa kunong'ona, "Bismillahi."

Vidole vilivyonishika havikuwa na mistari. Ni vile vidole vya kokoto.

Ubaridi wa simu ukagusa gumba. Simu ikatetema. Nikasikia anasoma tarakimu moja moja kutoka kwenye karatasi aliyoitoa kwenye pindo. Kisha gumba tena, mara ya pili. Ikatetema.

Akaurudisha mkono wangu kifuani, akanifunika na upande wa khanga.

"Nisamehe, baba," akasema.

Akaenda. Kigongo kikaanza tena.

Wakuu, nilibaki nimefumba macho mpaka adhana ya alasiri. Sikuwa na hasira bado. Nilikuwa na hofu ya kufumbua macho, kwa sababu nikifumbua lazima niwe na la kusema.

Baadaye nikamfuata uani, nikakaa kwenye kigoda.

"Shangazi, Zuhura ni nani?"

Hakuacha kupiga. "Umeamka?"

"Sikulala."

Kigongo kikabaki juu. Akakishusha chini pole pole, akajifuta mikono, akakaa kwenye rundo la makumbi.

Akaniambia. Zuhura ni mke mdogo wa baba yake Bakari. Huyo mzee alimwacha shangazi na watoto wanne, Bakari akiwa darasa la nne, akavuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa na hakutuma hata salamu. Bakari akatangaza kwamba baba yake amekufa, na nyumbani jina lake halikutajwa tena. Kumbe mzee alisharudi, yuko Maramba, kwenye shamba la watu. Moyo umechoka, miguu imevimba. Dawa zake zinaisha kila wiki. Zuhura alimtafuta shangazi kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumtafuta.

"Kwa nini hukuniamsha? Ningekutumia mwenyewe."

"Nikuamshe nikwambie nini? Namnunulia dawa mwanaume aliyeniachia watoto akaondoka mlo wa mchana ungali jikoni? Niliona haya, baba. Haya mbele yako."

"Ukaniacha nibebe jina la mwizi wiki nzima."

Akachambua nyuzi mbili tatu za makumbi. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau mpaka leo.

"Nilidhani utaondoka. Wewe ni mtu wa safari. Kila pakichemka unaondoka. Nikasema ataondoka kama kawaida yake, maneno yataondoka naye, Bakari atapoa, nami nitabaki na siri yangu."

Hapo ndipo niliumia. Kwa sababu, wakuu, mzigo ulikuwa umeshafungwa. Begi lilikuwa nyuma ya mlango tangu Jumanne. Nilikuwa nawaza Pemba.

"Utamwambia Bakari?" akauliza.

"Simwambii. Siri ni yako. Lakini safari hii siondoki."

Nikaingia chumbani nikatoa nguo kwenye begi, nikazitundika moja moja kwenye misumari.

Jumamosi saa nne asubuhi wakaja. Bakari mbele, na mzee Salehe nyuma. Mzee Salehe ni mdogo wake shangazi, kwa hiyo kwangu ni baba mdogo na kwa Bakari ni mjomba. Tukaamkiana shikamoo na marahaba kama watu wastaarabu, tukakaa barazani, palepale ninapolalaga.

"Rashidi, pesa hizi ulituma wewe?" mzee Salehe akaanza.

"Hapana, baba mdogo."

"Kidole kilichotumika cha nani?"

"Changu."

"Sasa?"

"Sina la kuongeza."

Bakari akapiga makofi. "Unamsikia, mjomba? Anakubali kidole, anakataa mkono! Na jana imetoka nyingine, nimeona meseji kwa mama. Ana ujasiri huyu! Wiki ya hukumu bado anachota!"

"Rashidi, mwanangu," mzee Salehe akasema, "nisaidie nikusaidie. Kama kuna mwanamke, kuna mwanamke. Si wa kwanza wewe."

Nikatazama chini. Kichwani nilikuwa nahesabu misumari yenye nguo zangu.

Shangazi akatoka ndani. Mikono bado imelowa. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika mkono wa kulia, akalifuta gumba langu kwa ncha ya khanga, akatoa simu kiunoni, akaligusisha.

Simu ikafunguka.

Akawanyooshea.

"Kidole chake. Mkono wangu," akasema. "Ijumaa zote nne. Yeye amelala."

Bakari akaitazama simu, akalitazama gumba langu.

"Na Zuhura ni mke wa baba yako."

"Baba yangu alikufa."

"Hajafa. Angekufa ningekwambia uje umzike."

Mzee Salehe akavua kofia, akaivaa tena. Bakari akainuka, akaenda kwenye pikipiki, akapanda, akaweka ufunguo. Hakuwasha. Alikaa juu ya pikipiki iliyozimwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, ametupa mgongo.

Kisha akarudi akasimama mlangoni.

"Anaumwa nini?"

"Moyo. Na miguu."

Aliomba ile simu, nikaifungua, akanakili namba ya Zuhura kwenye simu yake. Mimi hakuniomba radhi. Chakula kilipoiva alikula sahani mbili, akaniletea maji ya kunawa mwenyewe, akanimiminia. Ndugu anayemjua Bakari anajua maana yake.

Jioni ile nikafuta kidole changu. Shangazi akachagua PIN mpya, mimi nimegeukia ukutani. Safari hii hajaisahau. Nahisi zile za mwanzo alikuwa akisahau kwa sababu nilikuwa nazichagua mimi. Sasa dukani anajifunika simu na khanga, anabonyeza tarakimu moja moja kwa kidole kisicho na mstari, foleni inangoja. Mtu akilalamika anaambiwa, "Subiri, nalipa changu."

Nilichojifunza nakisema kama nilivyokiona.

Kidole ni rahisi, sikatai. Mimi mwenyewe kwenye simu yangu ya kupiga na kusoma nyuzi bado natumia. Lakini kwenye pesa, kumbukeni kidole hakijui kukataa. Ukilala kipo, ukizimia kipo, ukilewa kipo. PIN ukilala inalala nawe. Na kikitumika, jina litakaloandikwa ni lako, utaapa mpaka ukauke.

La pili, usiweke kidole chako kwenye simu ya mzazi halafu ukadhani umemsaidia. Umemfungia. Mimi nilimnyima shangazi pa kufanyia jambo lake bila mtu kumtazama, ndiyo maana akaja kuniibia kidole. Kama mikono ya mzee wako imelika kwa kazi, kaa naye siku tatu mtafute namba atakayoikumbuka yeye.

Leo mwezi wa nne sijaondoka. Begi nimempa shangazi anawekea usumba.

Wiki iliyopita Bakari alinitumia pesa kwenye simu yangu mimi, bila maelezo marefu. Meseji ilisema: "Nauli ya Maramba, watu wawili. Mpeleke mama akamuone. Mimi bado." Dakika moja baadaye ikaingia nyingine: "Na Ijumaa ulale vizuri, kaka."

Nalala, wakuu. Ila mkono wa kulia naulalia.

Sasa ingieni kwenye simu za mama zenu mkahesabu vidole vilivyomo, halafu rudini hapa mniambie mmekuta vya nani. Na mwenye njia nzuri ya kumsaidia mtu asiye na alama za vidole aweke hapa chini, nitamsomea shangazi. Matusi pia nitayasoma, lakini hayo simsomei.